Mpiga Kinanda Anangoja Kuombwa Abaki

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Misa ya pili imekwisha. Nimechoka. Joto la Oktoba, mabati ya kanisa yanalia kama sufuria jikoni, na hakuna aliyesikiliza kipande changu cha kutokea.

Kipande hicho nimekitunga tangu Kwaresima. Katikati sauti nne zinakimbizana. Abbé Ephraïm, padri wetu, alipotoa baraka, nikaanza. Kabla sauti ya pili haijaingia, nusu ya waumini walikuwa mlangoni. Ya tatu ilipoingia, Mama Nono, mkubwa wa korali, yaani kwaya yetu, alikuwa anapanga viti. Viti vya plastiki, vinakwaruza saruji kwa sauti ambayo haimo katika muziki wowote. Ya nne nilimpigia mlinzi, ambaye alikuwa anangoja nizime kinanda ili afunge.

Mimi ndimi Adalbert Mwenya, mpiga kinanda na mtunzi wa parokia hii ya Katuba tangu nikiwa na nywele. Nimetunga misa, zaburi, nyimbo za maziko. Watu wanaziimba wakidhani zilishuka zenyewe kutoka mbinguni.

Wazo limenijia wakati wa kula. Mtu hajulikani thamani mpaka aage. Basi nitaaga. Nitasema mapadri wa Lukafu wameniita nikawapigie kinanda. Kaka yangu analima mahindi huko, kwa hiyo habari inaaminika. Parokia itatetemeka. Wataniomba nibaki. Nitakataa kwanza. Halafu nitakubali, kwa masharti: kazi zangu zote zirekodiwe, na viti visiguswe mpaka nimalize kupiga.

Nimemweleza mke wangu, Chilufya. Alikuwa anachambua majani ya sombe. Akachambua mpaka ikaisha, ndipo akajibu.

"Na kama banakuacha uende?"

Chilufya hajui siasa ya kanisa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemkuta Abbé Ephraïm nyuma ya nyumba ya mapadri, kwenye kigoda, anamenya karanga. Uso nilikuwa nimeshauandaa. Nikamwambia Lukafu wananiita, kwamba nimesali, kwamba nimelia. Nikanyamaza ili apate nafasi ya kuniomba.

Akasema kazi ya Mungu haina mipaka. Akanipa karanga. Akauliza nitaondoka siku gani.

Siku! Sikuwa nimeandaa siku. Nikasema mwisho wa mwezi, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema. Akaitika kwa kichwa, akasema atawaambia korali yeye mwenyewe. Kisha akanihadithia jinsi yeye alivyohamishwa kutoka Kipushi akiwa padri kijana, na jinsi jambo lile lilivyomkomaza.

Nimerudi nyumbani polepole. Ni mshtuko tu. Mtu aliyeshtuka huzungumza habari za Kipushi. Akishaelewa kilichompata, atakuja mwenyewe hapa nyumbani. Nimemwambia Chilufya atafute soda ya mgeni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Abbé hakuja. Soda nimekunywa mwenyewe.

Lakini leo kwenye mazoezi ya korali, ushindi. Abbé alitangaza. Sauti ya kwanza yote ilinyamaza, jambo ambalo mimi sijawahi kulipata kwa kuwaomba. Mama Nono alilia kweli, akajifuta kwa pembe ya kitenge, kikwembe alichojifunga. Mimi nikatazama pedali za miguu ili wasione furaha yangu.

Halafu Bwalya akasimama. Bwalya ndiye anayeongoza korali. Anapunga mikono kama anafukuza nzi, na miaka yote anasema mimi nakimbiza wimbo, wakati yeye ndiye anayeukokota. Nilijua ataniomba nibaki, na kwamba neno hilo litamkwama kooni. Nikamngoja kwa utamu.

Akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba kabla Papa Adalbert, baba yetu, hajatutoka, tumrekodi. Misa yote, zaburi zote, kila kitu alichotunga. Ili kitu kibaki.

Nimeomba rekodi kwa Abbé huyu, kwa aliyemtangulia, na kwa aliyemtangulia yule. Jibu lilikuwa moja: paa kwanza. Leo wamekubali wote, na hakuna hata mmoja aliyetaja paa.

Baadaye Mama Nono akaunda kamati ya sherehe ya kuniaga. Neno hilo sikulipenda. Lakini kamati huvunjwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Zakari alikuja na mikrofoni zake. Ana studio karibu na soko. Ukoo wao ni Waislamu waliotoka Maniema zamani, na kazi yake hasa ni kaswida na harusi. Alivua viatu mlangoni mwa kanisa. Nikamwambia si lazima. Akasema akiwa na viatu hasikii vizuri.

Nilipiga Kyrie. Gari la maziko likapita na fanfari ya tarumbeta nyuma yake. Nikapiga Kyrie tena. Umeme ukakatika, kinanda kikafa mikononi mwangu kikilia kama mbuzi. Jenereta ya parokia inanguruma kuliko pedali zangu zote, Zakari hakuitaka. Tukakaa barazani kungoja. Alinunua mikate na chai. Akaniuliza mtu anatungaje wimbo, nikamweleza kwa kirefu, na nadhani alilala kidogo.

Umeme ulirudi mchana. Gloria ilikuwa nzuri. Kwenye Sanctus nikakohoa, vumbi la msimu huu. Nilitaka kurudia. Zakari akavua vile vitu vya masikioni.

"Wacha tu vile, papa," akasema. "Bantu bajue kama mundani muko muntu."

Jua lilikuwa limefika madirisha ya magharibi nilipopiga kipande cha kutokea. Nilikipiga chote. Sauti nne ziliingia, zikakimbizana, zikapatana. Hakuna kiti kilichosogea. Nilibaki nimekaa pale kidogo, na Zakari hakuniharakisha.

Nimechoka, lakini leo ni uchovu wa namna nyingine.

Jumatatu, 14 Oktoba

Zakari anasema rekodi inahitaji maneno ya jalada, maisha ya msanii kwa ufupi. Nimeandika asubuhi yote. Si kwa ufupi.

Nimeandika kwamba nikiwa mtoto nilisikia kinanda cha misioni kwa mbali, nikakifuata kama aliyeitwa kwa jina. Kwamba padri mzee Mbelgiji aliweka mkono juu ya kichwa changu, akasema huyu atawapita walimu wake.

Chilufya amesoma. Kwa maelezo yake, padri yule aliweka mkono juu ya kichwa changu kwa kasi, kwa sababu nilikuwa nimekanyaga kinanda chake kwa miguu yenye matope. Marehemu mama yangu ndiye aliyemhadithia. Tena anasema kilichonifanya nijifunze kinanda ni kwamba ukikaa kwenye kiti chake ulikuwa unatazamana na wasichana wa sauti ya pili. Yeye alikuwa katika sauti ya pili. Aliona yote, na noti zote nilizokosa.

Nikamwambia maisha ya mtunzi si hadithi za jikoni. Akanirudishia karatasi. Akasema hiyo ya sauti ya pili ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo ambayo haimo.

Nimeiacha karatasi kama ilivyokuwa. Nimeongeza tu neno "maarufu".

Kamati bado haijavunjwa. Wamechagua rangi ya mashati.

Jumapili, 20 Oktoba

Ya leo sitaki kuyaandika. Nayaandika.

Abbé alisema nipumzike Jumapili hii, nikae na mke wangu kama Mkristo mwingine, tuone kama rekodi inafaa kwa misa. Waliunganisha simu ya Bwalya na spika kubwa. Nikakaa benchi la mbele kungoja aibu yao. Korali haiwezi kuimba na spika. Spika haingoji mtu.

Waliimba kuliko walivyoimba mwaka mzima. Hakuna kilichokimbia, hakuna kilichokokotwa. Bwalya hakugeuka hata mara moja kutazama kinanda kwa lile jicho lake. Kwenye Sanctus nikakohoa. Si mimi, yule wa kwenye spika. Na kwa kikohozi kile korali yote ikavuta pumzi pamoja na kuingia kama mtu mmoja. Bwalya hajawahi kupata hivyo kwa mikono yake yote miwili.

Kisha kipande cha kutokea. Watu walibaki. Walisimama wakitazama spika kana kwamba mtu atatoka mle. Mama Nono alishika kiti hewani, hakukiweka chini mpaka mwisho.

Bibi mmoja kando yangu akanong'ona kwamba huyu anajua kazi, lazima ni wa Ulaya. Nikamwambia ni mimi. Akanipapasa mkono kwa huruma.

"Ee, papa," akasema, kama anayemkubalia mgonjwa. "Njo weye."

Nimekuwa na wapinzani katika maisha haya. Bwalya. Viti. Kijana wa parokia ya jirani mwenye kinanda chenye ngoma ndani yake. Huyu sikumtarajia. Hachelewi. Haumwi mgongo. Haombi chochote. Anapiga kama mimi, tena kama mimi wa siku nzuri.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeamua: nabaki. Nimekwenda kwa Abbé na habari mpya. Lukafu wameahirisha, wanaomba radhi, na mimi ni mtu wa kusamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka akafunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hakuna mtu analifanya kwa joto hili.

"Papa Adalbert," akasema, "nilipiga simu ku Lukafu."

Nje mtu alikuwa anafagia.

Akaendelea taratibu, akitazama meza badala yangu. Alikuwa amewapigia wiki ile ile niliyomjia, ili anisifu na wanipokee vizuri. Padri wa kule hakuwa na habari yoyote ya kuniita. Abbé akasema bila shaka maneno yalipotea njiani, mtandao wa kule unajulikana. Basi akamweleza yeye mwenyewe mimi ni nani na nimetunga nini. Yule padri alifurahi mpaka akawaita wengine waje wasikie. Hawajawahi kuwa na mpiga kinanda. Wametoa nyumba karibu na kanisa. Wanaipaka chokaa.

"Bako banakungojea," akasema. "Na mi hapana kuambia muntu kitu."

Ningeweza kusema ukweli hapo. Mlango ulikuwa umefungwa, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Nikasema kweli, mtandao wa Lukafu ni mbaya sana.

Njiani nikamtegemea Chilufya. Ana meza yake ya kuuzia vitenge, bikwembe, sokoni, ana dada zake, atakataa kuhama. Nami nitamtii mke wangu, kwa huzuni, mbele ya watu. Nikamkuta anafunga masufuria. Alikuwa ameshazungumza na kaka yangu juu ya shamba. Akaniambia, bila kuacha kazi, kwamba yeye mtoto wa wakulima amechoka kununua unga wa bukari, ugali wetu, maisha yake yote, na kwamba tangu tuoane sijawahi kupata wazo zuri kama hili. Kisha akanitazama. Ni muda mrefu hajanitazama hivyo.

Nikamsaidia kufunga masufuria.

Jumapili, 27 Oktoba

Sherehe. Mashati yana uso wangu kifuani, na chini yake, kwa herufi moja ya ziada: PAPA ADALBERTE. Mbuzi ameliwa. Nilipokwenda kukaa kwenye kinanda, Mama Nono alinishika mkono akanirudisha mezani, leo si siku yangu ya kazi. Wakawasha spika. Yule mwingine akapiga. Watu walicheza hata zaburi ya maziko.

Hotuba ndiyo ilikuwa mpango wangu wa mwisho. Nilisema moyo wangu hautoki Katuba. Nilisema mimi ni mtu wa kusikia, mtu akiniambia neno moja tu. Nikanyamaza, nikawatazama mmoja baada ya mwingine. Walipiga makofi mpaka mikono ikawauma. Bwalya alitokwa na machozi. Alisema sasa hana wa kugombana naye, maana yule wa kwenye spika hakimbizi wimbo hata kidogo. Alidhani ananisifu.

Kisha akasimama Mama Nono. Alisema siku ya kumzika mama yake mvua ilipiga mabati mpaka hakuna aliyesikia sala. Umeme haukuwapo. Mimi nikatoa kile kinanda cha zamani cha kukanyaga, nikakanyaga na kupiga tangu jeneza lilipoingia mpaka lilipotoka, na hakuna aliyekuwa amenituma. Alisema mama yake hakuwa mtu mkubwa, alikuwa anauza makala, mkaa wa jikoni. Wimbo hakumbuki. Anakumbuka mgongo wangu, ulivyokuwa umelowa jasho.

"Ile siku njo nilijua kama tuko na muntu," akasema.

Siku hiyo mimi nilikuwa nimeisahau kabisa. Na hata alipokuwa anaisimulia sikuisikiliza vizuri, kwa kuwa nilikuwa nangoja afike mahali pa kuniomba nibaki. Hakufika hapo. Alikaa chini, akalia, na watu wakaimba.

Zawadi: jembe, na buti za mpira.

Jumamosi, 9 Novemba

Lukafu. Lori, vumbi, halafu mvua ya kwanza, halafu lori katika matope. Mgongo wangu hautanisamehe.

Nyumba imepakwa chokaa kweli. Kinanda kipo: cha kukanyaga, cha zamani kuliko mimi, panya wamekula mvukuto mmoja. Katekista ndiye aliyenionyesha. Anaitwa Kalaba, mtu mrefu, mpole. Alikuwa amekifunika kwa shuka safi. Alisema wengi walitaka kukifanya kabati, yeye akakataa, kwa kuwa mwenye chombo kama hiki atakuja tu.

Nimeshona mvukuto kwa ngozi ya mbuzi na gundi ya kuzibia baiskeli. Vidole vimenata kwa siku kadhaa. Chilufya anapanda mahindi na kaka yangu. Anarudi na matope mpaka magotini, anakunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, analala kama mtoto. Sijui kwa nini inanichosha kumwona hivyo.

Simu inashika mtandao ukipanda kichuguu nyuma ya kanisa. Nilipanda, nikampigia Mama Nono, kuuliza kama wanateseka. Hawateseki. Anasalimu. Nyuma yake korali ilikuwa kwenye mazoezi, na nilijisikia nikipiga kwenye spika.

Jumapili, 17 Novemba

Leo misa yangu ya kwanza hapa. Kinanda kinahema kama mtu mwenye pumu, na noti moja chini haitoki. Kilifika mwisho wa misa hata hivyo. Nikaanza kipande cha kutokea. Nilifumba macho nisiwaone wanavyoondoka.

Nilipofumbua walikuwa wamekaa. Wote. Mvua haikuwapo, hakuna kilichowazuia. Wazee, akina mama na majembe yao tayari, hata mtu aliyekuwa anapita na baiskeli amesimama mlangoni, ameishika usukani ndani ya kanisa. Kalaba akaja, akauliza kwa niaba yao kama inawezekana kurudia, kwa sababu pale sauti zinapokimbizana hawakupashika vizuri. Nikarudia. Wakakaa tena mpaka mwisho. Chilufya alikuwa benchi la nyuma, anacheka peke yake.

Ni jambo la kufikiria. Watu hawa inaonekana wana sikio. Sasa, kama Katuba wangeona hivi!

Wazo limenijia kabla hata ya kula. Nimepanda kichuguu, nimempigia Zakari aje na mikrofoni zake. Nitarekodi misa upya hapa, nyimbo zote, kisha tuipeleke Katuba. Wakisikia hii, yule wa kwenye spika watamwona hafai. Watamzima wenyewe. Watauliza mtu mwenyewe yuko wapi, na watatuma gari. Nitakataa kwanza.

Chilufya sijamwambia. Kalaba nimemwambia ni ya kumbukumbu tu. Amefurahi mno, amenishika mikono yote miwili. Halafu akauliza, kwa adabu, kama nyimbo zikishakuwa ndani ya simu wataweza kuzitumia zile Jumapili ambazo nitakuwa nimechoka na shamba, ili wasinisumbue mtu mzima. Nikamwambia bila shaka. Hata Noeli. Hata Pasaka.

Maskini Kalaba. Hajui hata kidogo ninachopanga.